Ng'onda imekwama kwenye teminali: vile agumenti zinafika ndani ya programu ya Haskell

Ami yangu ananunua samaki hapa Lamu, wabichi na wakavu, anawapeleka Mokowe kwa boti halafu wanapanda basi kwenda Mombasa, na hesabu zake zote ziko kwenye daftari moja lililoingia maji ya chumvi mpaka kurasa zimeshikana. Sa mimi nilikuwa najifunza Haskell, na mtu akijifunza lugha mpya ya programu anatafuta wa kumfanyia majaribio, nkamwambia ami wacha nikutengenezee kitu kidogo, unaandika aina ya samaki, kilo, na bei ya kilo, inakupa jumla. Nikaiita `mizani`. Changu ikakubali, tafi ikakubali, nguru ikakubali. Akaja na gunia la ng'onda, wale samaki wa kukaushwa, nkaandika hivi:

```
./mizani ng'onda 12 300
>
```

Basi. Kimshale kimoja kinaniangalia. Hakuna jibu, hakuna era, hakuna chochote. Nkabonyeza enta, kikaja kimshale kingine. Ami akaniangalia akasema, "Mwanangu, hii mashini yako imelala."

Nilipoteza karibu saa nzima nikitafuta kosa kwenye kodi yangu (kodi ya kompyuta, si ile tunalipa serikali) na kosa halikuwa huko hata kidogo. Programu yangu ilikuwa haijaanza kabisa. Na hapo ndipo nkaelewa kwamba hii story ya agumenti za teminali, yaani yale maneno unayoandika baada ya jina la programu, watu wengi tunaikoroga kwa sababu tunadhani ni kitu kimoja, kumbe ni mikono miwili inapokezana: kuna sheli, halafu kuna programu, na kila mmoja ana sheria zake. Wacha nianze na sheli manake huko ndiko mambo mengi huharibikia.

Ukiandika mstari kwenye teminali, anayeusoma kwanza ni sheli, kwa wengi wetu ni bash. Yeye anaukata vipande kwa kufuata nafasi kati ya maneno, na anaangalia herufi fulani anazoziona za maana. Hiyo koma ya juu iliyo kwenye ng'onda, kwa bash ni alama ya kufungua nukuu. Kwa hiyo yeye anaona `ng` halafu nukuu imefunguliwa, `onda 12 300` iko ndani, na anakaa anangojea uifunge. Kile kimshale ni yeye anasema endelea bwana, hujamaliza. Ungesubiri hadi Maulidi. Mzungu na samaki wake hana hii shida kila saa, ila sisi tuna ng'ombe, ng'onda, ng'ambo, ng'amba, yaani lugha yetu imejaa hiyo koma na sheli haikutengenezwa na mtu wa Amu. Dawa ni kuizungushia nukuu mbili au kuweka mkwaju wa kinyume kabla yake:

```
./mizani "ng'onda" 12 300
./mizani ng\'onda 12 300
```

Hizo mbili ni sawa, programu inapokea neno lilelile, zile nukuu za nje hazifiki ndani, sheli inazila.

Na kuna ile ya majina ya vyombo. Ami alitaka pia kujua mzigo umekuja na chombo gani, na vyombo vyetu vina majina ya maneno mawili matatu. Tuseme chombo kinaitwa Nia Njema. Nkaandika kaprogramu ka mistari mitano tu ka kunionyesha nini kinafika, na nakushauri ukaandike wewe pia kabla ya kitu kingine chochote, manake macho yakiona hayasahau:

```haskell
import System.Environment (getArgs)

main :: IO ()
main = do
  vitu <- getArgs
  print vitu
```

Ukikaita `onyesha` ukakatumia hivi, utaona:

```
./onyesha Nia Njema 12
["Nia","Njema","12"]

./onyesha "Nia Njema" 12
["Nia Njema","12"]
```

Mara ya kwanza ni vitu vitatu, mara ya pili viwili. Haskell haikukata chochote, ilikuta vimeshakatwa. Halafu kuna kinyota. Siku moja nilitaka kuwa mjanja nkaandika `./onyesha 12 * 300` nikidhani nazidisha, nikapata hii:

```
["12","daftari.txt","onyesha","onyesha.hi","onyesha.hs","onyesha.o","300"]
```

Kinyota kwa sheli maana yake ni mafaili yote yaliyo hapa, kwa hiyo kimeondolewa na majina ya mafaili yakawekwa mahali pake kabla programu haijaamka. Ukitaka kinyota chenyewe kifike, kizungushie nukuu.

Sawa, sasa tuvuke upande wa pili. Angalia tena ile orodha: kila kitu kina nukuu, hata 12. Hakuna namba pale. Mfumo wa kompyuta unaipa programu stringi peke yake, yaani mfuatano wa herufi, zikiwa kwenye listi, na hilo ni kweli kwa C, kwa Python, kwa Haskell, kwa kila mtu. Kumi na mbili yako ni herufi 1 ikifuatwa na herufi 2 mpaka mtu aigeuze. Kugeuza ndiyo kazi, na kwa lugha za fankshonal, hizi za kufikiria kwa fanksheni, kuna njia nzuri ya kuifanya na njia ya kukuletea aibu mbele ya ami yako.

Lakini kwanza swali ambalo kila anayetoka C au Java huuliza: mbona `main` ya Haskell, pale programu inapoanzia, haipokei kitu? Kule C unaandikiwa `main` yenye agumenti zake mbili, idadi na orodha. Kwa Haskell `main` taipu yake (yaani ni kitu cha aina gani) ni `IO ()`, haina mlango wa kupitishia kitu. Hapa neno moja linatuchanganya, manake agumenti ya fanksheni na agumenti ya teminali zinaitwa jina moja na si ndugu. Agumenti ya fanksheni ni kitu unachoipa fanksheni ndani ya programu, kompaila, ile inayogeuza kodi yako kuwa programu, inakijua taipu yake kabla hujaendesha lolote. Agumenti ya teminali inatoka nje, leo hivi kesho vile, na kompaila haina habari nayo. Na Haskell ina msimamo mkali: fanksheni safi ukiipa kitu kilekile inakupa jibu lilelile, milele. Kama `getArgs` ingekuwa listi ya kawaida, ingekuwa listi ambayo asubuhi ina changu na jioni ina nguru, na msimamo wote unavunjika. Kwa hiyo `getArgs` si listi. Taipu yake ni `IO [String]`, yaani ni kitendo, na kikitendwa ndipo listi inapatikana. Ndiyo maana ukiandika `head getArgs` kompaila inakataa, inakwambia nimengoja listi umeniletea `IO`. Wengi hukasirika hapo. Ule mshale `<-` ndio unaosema tenda hiki, kitakachotoka kiite `vitu`, na kuanzia hapo `vitu` ni listi ya kawaida kabisa.

Kama historia inakusaidia, wenyewe hawakufika hapo siku moja. Ripoti ya kwanza ya Haskell ilitoka 1990 na wakati huo programu ilikuwa inaongea na dunia kwa listi mbili, moja ya maombi na moja ya majibu, kitu cha kuumiza kichwa. Hii ya `IO` kwa monadi iliingia rasmi kwenye Haskell 1.3, mwaka 1996. Monadi tuiache, huihitaji kwa shughuli ya leo, na atakayekuambia lazima uielewe kwanza ndipo usome agumenti anakutisha bure.

Mimi ilinikaa kichwani nilipofikiria nyumba za mui wa kale wa Lamu, hizi ambazo UNESCO iliziweka kwenye urithi wa dunia 2001. Mgeni akipiga hodi hafikii ndani. Kuna daka pale nje, na mabaraza yake ya mawe, anakaa hapo, anaulizwa habari, anajulikana ni nani na ana shida gani. Ukipita mlango kuna tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na njia inapinda makusudi ili aliye mlangoni asione kiwanda, ule uwanja wa ndani ya nyumba. Ndani kabisa ndiko wenye nyumba wanakokaa kwa amani, na hakuna mtu asiyejulikana anafika huko. Programu nzuri ya Haskell imejengwa hivyohivyo. `main` ni daka. Stringi zinapokelewa hapo, zinaulizwa wewe ni namba au si namba, zinavishwa taipu yao, na huku ndani fanksheni zako safi hazijui kabisa kama kuna kitu kinaitwa teminali.

Njia ya aibu ni hii hapa, na ndiyo niliyoanza nayo: unachukua `read` unaigeuza stringi kuwa namba palepale unapoihitaji. Inafanya kazi mpaka siku mtu aandike `12,5` kwa koma, programu inakufa na kusema `Prelude.read: no parse`, maneno matatu ambayo hayamsaidii ami wala jirani yake. Njia ya kistaarabu ni `readMaybe`, ambayo ikishindwa inakupa `Nothing` badala ya kulipuka, na wewe unaamua useme nini. Hii ndiyo `mizani` ya sasa:

```haskell
import System.Environment (getArgs)
import System.Exit (exitFailure)
import System.IO (hPutStrLn, stderr)
import Text.Read (readMaybe)

data Mzigo = Mzigo { aina :: String, kilo :: Double, bei :: Int }

soma :: [String] -> Either String Mzigo
soma [a, k, b] =
  case (readMaybe k, readMaybe b) of
    (Just k', Just b') -> Right (Mzigo a k' b')
    (Nothing, _)       -> Left ("Kilo si namba: " ++ k)
    (_, Nothing)       -> Left ("Bei si namba: " ++ b)
soma _ = Left "Andika hivi: mizani AINA KILO BEI"

jumla :: Mzigo -> Double
jumla m = kilo m * fromIntegral (bei m)

main :: IO ()
main = do
  vitu <- getArgs
  case soma vitu of
    Left kosa -> hPutStrLn stderr kosa >> exitFailure
    Right m   -> print (jumla m)
```

Tulia na `soma` kidogo, manake ndiyo roho ya yote. Inapokea listi ya stringi, inarudisha ama maneno ya kosa ama `Mzigo` uliokamilika. Haina `IO` hata chembe. Ule mstari wa `[a, k, b]` unasema nakubali vitu vitatu tu, si viwili si vinne, na ile `soma _` chini inashika wengine wote, kwa hiyo yule anayesahau nukuu kwenye aina ya samaki yenye maneno mawili anaambiwa kwa heshima aandike vipi. Na kwa sababu ni fanksheni safi naweza kuijaribu kwenye GHCi (pale unapoandika Haskell na kupata jibu papo hapo) bila kupitisha agumenti za teminali, bila sheli, bila samaki:

```
> fmap jumla (soma ["ng'onda","12","300"])
Right 3600.0
```

Ona pale hakuna shida ya ng'onda. Tena cha kuchekesha ni kwamba Haskell inaruhusu koma ya juu ndani ya majina, ndiyo maana nimeandika `k'` na `b'`, kwa hiyo unaweza kabisa kuandika `ng'onda = 300` na kompaila ikaridhika. Lugha ya watu wa hesabu inaelewa Kiswahili kuliko sheli.

Lakini `readMaybe` nayo ina vituko vyake. Ukiandika nusu kilo kama `.5` inakataa, inataka `0.5`. Ukiandika `1,200` inakataa. Upande mwingine inakubali `-3`, na inakubali neno `NaN` na `Infinity` kama kilo, manake kwa `Double` hizo ni thamani halali. Samaki wa kilo hasi sijaona, kwa hiyo kwenye `soma` unaongeza sharti kwamba kilo iwe zaidi ya sifuri na isiwe `Infinity`, mistari miwili tu. `NaN` inajitoa yenyewe kwa sharti la kwanza, haizidi sifuri wala haizidi chochote.

Lugha nyingine za ukoo huu zinafanana ila kila moja ina tabia yake. OCaml inakupa `Sys.argv`, ni aray si listi, na nafasi ya sifuri kuna jina la programu yenyewe, kwa hiyo agumenti zako zinaanzia moja, na mtu akitoka Haskell kwenda OCaml hapo hujikwaa kwa sababu `getArgs` haiweki jina, jina unaliomba peke yake kwa `getProgName`. Elixir ni `System.argv()`, listi bila jina. Erlang ukitumia escript, `main` inapokea listi yenyewe. F# pia, `main` inapokea aray. Clojure unaandika `-main` na `& args`. OCaml haikubani kama Haskell, `Sys.argv` unaweza kuichungulia kutoka fanksheni yoyote mahali popote, lakini mimi hata huko naisoma mara moja tu pale juu. Nimeona kodi ya mtu inayosoma `Sys.argv` kwenye mafaili matano tofauti na kuifuatilia ni kama kumtafuta punda aliyekata kamba kwenye vichochoro vya Langoni usiku.

Flagi, zile za `--bei 300`, sitakaa sana. Kwa sheli flagi si kitu maalum, ni stringi tu iliyoanza na vistari, maana inaipata kwa programu yako. Haskell inakuja na `System.Console.GetOpt`, inatosha, na kuna pakeji inaitwa optparse-applicative ambayo unaeleza kila flagi kama kiparsa kidogo (kisomaji cha stringi) halafu unaviunganisha, na inakuandikia `--help` yenyewe. Kwa agumenti tatu za ami sikuona haja, ukifika saba nane utaihitaji. Kitu kimoja tu, ukiendesha kwa cabal, chombo cha kujengea na kuendeshea programu za Haskell, ni vyema uweke vistari viwili vitupu katikati, hivi: `cabal run mizani -- changu 12 300`. Vile vistari vinamwambia cabal yako yameisha, yanayofuata ni ya programu. Bila hivyo ukiweka flagi yako cabal anadhani ni yake na anakugombeza.

GHC, yaani kompaila ya Haskell, nayo ina desturi yake ya pembeni: maneno yaliyo kati ya `+RTS` na `-RTS` yanachukuliwa na mtambo wa ndani wa Haskell na hayafiki kwa `getArgs`. Mtu wa kawaida hataandika hivyo, lakini ukikuta agumenti imepotea njiani, sasa unajua mmoja wa washukiwa.

Na tafadhali msipitishe siri kwa agumenti. Nimeona mtu akiweka pasiwedi palepale kwenye mstari. Kwenye Linux ya kawaida mtu yeyote mwenye akaunti kwenye mashini hiyo akiandika `ps aux` anaona mistari ya programu zinazoendeshwa, na agumenti zake zote wazi, ni kama kusoma PIN yako ya M-Pesa kwa sauti kwenye boti ya Mokowe. Siri ziulizwe ndani ya programu au zisomwe kwenye faili. Data nyingi vilevile, hiyo si kazi ya agumenti, Linux ina kikomo na agumenti moja haiwezi kuzidi 128 KiB, mzigo wa namna hiyo upitishe kwa faili au kwa bomba (ile `|` ya sheli).

Nilidhani nimemaliza. Ami naye akazoea, akawa ananitumia mizigo kwa WhatsApp naye akiwa ufuoni, mimi nakopi nabandika kwenye teminali. Siku moja nkabandika ng'onda bila nukuu, nimesahau, nkangojea kile kimshale, na hakikuja. Jibu likatoka safi kabisa. Nkafurahi kama mjinga. Mwisho wa mwezi najumlisha, naona ng'onda ziko mara mbili kwenye orodha, kila moja na jumla yake. Nkarudi kwa `onyesha`:

```
./onyesha ng’onda
["ng\8217onda"]
```

Keyboard za simu zingine hazikuandikii ile koma iliyonyooka, zinakuandikia iliyopinda, na hiyo kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa, namba 8217. Sheli haiijui, inaipitisha tu. Haskell inaipokea. Lakini `"ng'onda"` na hiyo si sawa hata kama macho yako yanaona zimefanana. `print` ndiyo iliyonionyesha, manake inaandika herufi ngeni kwa namba zake, ningetumia `putStrLn` ningeona ng’onda nzuri tu na ningebaki nakuna kichwa. Basi kukaongezwa mtu mmoja pale dakani:

```haskell
nyoosha :: String -> String
nyoosha = map (\c -> if c == '\8217' then '\'' else c)
```

na kwenye `soma` badala ya `Mzigo a k' b'` ikawa `Mzigo (nyoosha a) k' b'`. `jumla` sikuigusa. Nkamweleza ami yote haya kwenye kahawa, koma iliyonyooka na koma iliyopinda, akanisikiliza mpaka mwisho kikombe kikapoa, akasema, "Ntakuandikia ngonda bila koma, wewe si utaelewa?" Nkamwambia ntaelewa ami, ila mashini haitaelewa, na usiku nkafungua laptopu kuongeza na hiyo.